Mpira Umekwenda Wapi, Dol?

Portskail,
Jumapili, Machi imeanza

Murdo,

Ukome kumtumia baba yako vifaa vya gofu. Ukome kabisa, na uanze kukoma leo, kabla hujafika mstari wa pili. Lile fimbo zito ulilolituma Novemba, na ule wavu, na kile kidude kinacholia kama kifaranga mtu akizungusha mikono vibaya, vyote viko bandani, na ningekuwa na mgongo wangu wa zamani vingekuwa baharini. Unadhani unamfurahisha mzee. Unanimaliza mimi.

Haya, sasa salamu. Hujambo wewe, na mkwe wangu Colleen hajambo? Wajukuu zangu Tessa na Angus wanakula vizuri, au bado mnawalisha vile vitu vya kwenye boksi? Mwambie Colleen ile fulana ya sufu niliyomfumia Angus ioshwe kwa maji baridi. Kwenye picha mliyoleta nimeona imemruka tumbo, na mtoto hawezi kukua hivyo kwa mwezi mmoja.

Sisi huku afya ipo kiasi chake. Goti langu la kushoto linanisumbua, la kulia linalisaidia kunisumbua. Baba yako anakula, analala, anakohoa asubuhi kama trekta la Bertie Gunn likiwashwa, halafu basi, hana lingine la kulalamikia. Ukimwona kwa mbali utadhani kijana. Hapo ndipo tabu inapoanzia.

Unajua mimi si mtu wa barua. Niliacha shule mapema nikaenda bandarini kutumbua samaki na bibi yako, na mkono huu ulizoea kisu kabla haujazoea kalamu. Ukiona herufi zimelala, ziache zilale. Ningekupigia, lakini simu iko koridoni, na masikio ya baba yako ni mazima, tena siku hizi yamekuwa makali kuliko ya paka. Halafu kwa simu utaanza wimbo wako wa lakini mama, lakini mama. Barua haina wa kuikatiza. Kaa chini, usome yote, na Colleen asikuite mpaka umalize.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi ya kwanza ya Aprili ni shindano la kufungua msimu, na baba yako ameandikisha jina lake. Atacheza na Bertie, mbele ya klabu nzima, na Murdo, mimi sijui la kufanya.

Nitakueleza kuanzia Novemba. Baridi ilipoingia baba yako alitangaza kwamba mwaka huu halali kama dubu. Mchezo wake wa kiangazi ulikuwa mbaya, na mchezo, akasema, hutengenezwa wakati wa baridi. Maneno hayo aliyatoa kwako, usikatae, niliyasikia simuni. Basi nyumba yangu ikawa uwanja. Asubuhi kabla ya uji anasimama mbele ya kabati la kioo na fulana yake ya ndani, anazungusha fimbo polepole, polepole, kama mtu anayekoroga kitu angani. Baada ya chai anasukuma mipira kwenye zulia la korido kuelekea kikombe changu, kile chenye maua. Jioni tukisikiliza habari ameshika lile zito lako, anakaza viganja, anahesabu chini kwa chini. Niliwahi kumwuliza kama anangojea vita. Akaniambia mwanamke ambaye hajawahi kupiga mpira anyamaze afume.

Na wale mbwa wawili wa kauri wa bibi yako, waliokaa juu ya meko tangu kabla mimi sijazaliwa, mmoja sasa hana kichwa. Alizungusha fimbo chumba cha mbele kwa sababu nje kulikuwa na theluji ya maji. Nilipotoka jikoni nikakuta kichwa kiko chini ya kiti na yeye amesimama akitazama ukutani. Nikamwuliza, Hector, hukumwona mbwa? Akasema mbwa alikuwa amekaa vibaya.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilicheka ili nisifanye lile jingine. Kwa sababu mimi nilijua kwa nini hakumwona mbwa, na yeye alijua kwamba najua.

Sasa nasema jambo nililoapa sitalisema. Oktoba tulikwenda kwa daktari wa macho mjini. Daktari mwenyewe kijana, mikono safi, sauti ndogo. Alimkagua baba yako kwa mataa yake, akatukalisha wote wawili, akasema katikati ya macho pamekufa. Pembeni anaona, na ataendelea kuona. Anaona mlango, anaona aproni yangu, anaona ng'ombe akipita dirishani. Ila kile anachokitazama ndicho kinachopotea. Akikutazama usoni, uso wako haupo. Akiutazama mpira, mpira haupo. Nikamwuliza daktari vipi kuhusu miwani, akasema miwani haitafaa. Nikamwuliza kuhusu zile sindano za macho anazochomwa mke wa Bertie, akasema zile ni za ugonjwa mwingine. Akasema pole sana. Baba yako alimshukuru vizuri, akavaa kofia yake, na tulipofika nje akasema kale katoto hakajaanza hata kunyoa, kanajua nini. Halafu kwenye basi, tulipokwisha kupita daraja, akanishika mkono wa koti akasema, "Dol, watoto wasijue." Nikasema sawa.

Ulishangaa simuni kwamba gari limeuzwa. Tulikuambia kutembea kunafaa kwa miguu. Alikwangua ukuta wa kanisa akirudisha nyuma, akazima injini, akashuka, akanipa ufunguo. Hilo alilikubali. Kuhusu gari ana akili. Kuhusu gofu anasema tatizo ni kiuno: kimekuwa kizito, hakigeuki, kikigeuka kama zamani mpira utakwenda kama zamani. Na ndiyo maana kila kifaa unachomtumia kwake ni ushahidi. Unaona, anasema, hata Murdo ameona ni kiuno.

Utaniuliza anawezaje kuupiga basi. Umesahau tunavyocheza hapa wakati wa baridi? Au huko Calgary mmezoea ukumbi wenye joto, mnapiga mpira kwenye picha ya uwanja na mashine inawaambia ungekwenda wapi? Ungekwenda! Watu wazima kabisa. Hapa kuanzia Novemba hadi mwisho wa Machi nyasi zinalindwa, na kila mtu anabeba kipande chake cha mkeka. Unauinua mpira kwa mkono, unaufuta, unauweka juu ya mkeka, ndipo unapiga. Baba yako huyo huyo aliyekuwa akiwadharau wanaopenda sheria ya baridi, akisema inalea wavivu, mwaka huu ameikumbatia kama mke mpya. Anapiga magoti, anapapasa mkeka kwa vidole, anapapasa mpira, anapima kwa kiganja umbali wa viatu vyake, anasimama, anapiga. Mikono inajua mpira ulipo. Macho hayana kazi. Na anaupiga, Murdo! Mara nyingine anaupata sawasawa. Mlio wake hata mimi nimeujua.

Ila hajui umekwenda wapi.

Ndipo nilipoingia mimi, mimi ambaye maisha yangu yote nimeuita mchezo ule matembezi ya watu wasio na kuni za kupasua. Wiki ile ya barafu ya kwanza aliniambia nimbebee mkeka kwa sababu ya mgongo wake. Tulitoka asubuhi watu wangali na chai zao. Akapiga, akaweka mkono juu ya kofia kama anayetazama mbali, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mpira umekwenda wapi, Dol?" Nikamwambia umekwenda kule kwenye ng'ombe. Akasema kule ndiko wapi, uwanja hauna kule, sema kushoto au kulia. Nikasema kushoto kwa ng'ombe. Akasema ng'ombe wanatembea, mwanamke wee! Tukabishana hapo mpaka ng'ombe mwenyewe akaondoka.

Mwanzo nilisema kweli tupu. Umeingia miibani. Umeingia kwenye shimo la mchanga. Umevuka ukuta, umekwenda baharini, huo usiutafute. Anatikisa kichwa, anasema kiuno. Tukirudi anaingia bandani, anapiga kwenye ule wavu wako mpaka giza linaingia, na wewe unajua giza la huku linavyowahi. Anarudi viganja vimechubuka. Supu anaigeuzageuza, hali. Siku moja nilimkuta amekaa kitandani na kiatu kimoja mkononi, hakivai, hakiweki chini. Akaniambia, "Labda mwaka huu ndio wa mwisho, Dol." Hakusema kwa kulia, unamjua. Alisema kama mtu anayesoma tangazo. Nimelala pembeni ya mwanamume yule tangu nina miaka kumi na tisa, nimemwona akimzika mama yake na kaka yake na mashua yake, na sijawahi kumsikia na sauti ile.

Basi hiyo ndiyo Novemba. Sikiliza sasa Desemba. Desemba alianza kupona. Mchezo ukarudi. Anapiga, anauliza, anajibiwa katikati, anakwenda, mpira upo katikati. Akaanza kula. Akaanza kupiga mluzi chooni. Sikukuu alimwambia Bertie mlangoni kwetu kwamba mazoezi ya baridi ni kitu cha ajabu, kwamba mwanawe wa Kanada amemfundisha akiwa mbali vile vile, na akamwonyesha kidude cha kifaranga. Januari akanunua kofia mpya. Februari ndiyo alifanya lile lililonitoa jasho kwenye baridi.

Nilikuwa buchani nangojea nyama ya kusaga. Bertie akaingia, akanisalimu kwa makelele yake, akasema mbele ya foleni yote, "Shemeji, mumeo ataniua kwa kicheko!" Akaeleza kwamba Hector amekwenda mbele ya kamati, amevua kofia, akaomba apunguziwe yale mapigo ya msaada ambayo klabu humpa mzee kufidia udhaifu wake. Amesema mchezo wake umepona, na mtu akishindana na msaada asiostahili ni kama mwizi. Bertie akasema tangu klabu ijengwe watu wanakuja kulia waongezewe, huyu ni wa kwanza kulia apunguziwe. Foleni ikacheka. Mwenye bucha akasema yule ndiye Hector Mackay, mtu wa haki mpaka anatutia meno ganzi. Na wakampunguzia, Murdo! Wamempunguzia, wakampigia makofi, na yeye akaandikisha jina hapo hapo.

Nikaondoka bila nyama.

Sasa umefika pale ambapo mama yako anaona haya. Weka chai chini.

Siku iliyofuata ile ya kiatu, alipiga kutoka shimo la nne na mpira ukageuka kulia, ukaruka ukuta, nikauona unavyozama. Akaniuliza umekwenda wapi. Nami nikafungua kinywa kusema baharini, kikasema, "Umenyooka. Katikati kabisa." Sijui ulitoka wapi mdomo ule. Akageuza uso upande wangu, ule uso ambao hanioni nao, akacheka kama kijana aliyenichukua kwenye dansi. Kisha akaanza kutembea kuufuata, na mimi nyuma yake na mkeka, na mbele yetu nyasi tupu. Nilikuwa na mpira mfukoni mwa koti, niliuokota njiani asubuhi ile. Nikamtangulia, nikauangusha, nikasema huu hapa. Akapiga magoti akaupapasa. Alikula sahani mbili siku ile.

Nilidhani ni mara moja. Mungu anajua nilidhani hivyo. Lakini kesho yake alitoka mapema, amechangamka, na ningemwambiaje. Sasa mfuko wa koti langu unaning'inia. Mipira yote nimeiwekea alama ya bluu kama yake, kwa ile kalamu ya kuandikia kwenye nguo, kwa sababu huiinua na kuisogeza pembeni mwa jicho kuangalia kama ni yake. Nimejifunza kuuangusha bila mlio. Nimejifunza usiwe karibu sana, atashuku. Usiwe mbali sana, ni mzee. Mara moja moja namtilia kwenye shimo la mchanga ili iwe na ladha ya kweli. Kwenye bendera nasimama mimi, na mguu wangu umekuwa fundi: mpira ukipita kando ya shimo, kiatu kinautia ndani wakati naizungusha bendera. Bertie anasema Portskail nzima hakuna mtu aliyeboresha mchezo wake baridi hii kama Hector Mackay. Kweli mtu amejiboresha. Ni mimi.

Na katika nyumba gani! Katika nyumba hii! Sihitaji kukukumbusha, lakini nitakukumbusha. Ulikuwa na miaka kumi na saba, Aprili, kikombe cha vijana, na umeshinda kwa pigo moja. Kwenye shimo la kumi na nne uliinua mpira ukaufuta kwenye suruali ukaurudisha, kama ulivyofanya majira yote ya baridi, na sheria ya baridi ilikuwa imekwisha siku chache tu. Mkono ulizoea. Hata wewe hukujijua. Ukaweka sahihi kwenye kadi. Baba yako alikuona akiwa shimo la jirani. Mbele ya meza, kikombe kimeshapakwa mng'aro, akakuuliza kama uliuinua mpira. Nilikuwa na sinia la sandwichi, nakumbuka mikono yako. Ulifikiri, ukawiva uso mpaka masikioni, ukasema, "Ndiyo, niliuinua." Kikombe kikaenda kwa mtoto wa Gunn, na mkakaa mwaka mzima meza moja hamsemezani, na baadaye ukapanda ndege. Mtu yule, aliyemnyang'anya mwanawe kikombe kwa sababu ya mkono uliosahau, mimi ndiye ninayemwekea mipira bandia tangu kabla ya Krismasi.

Usidhani sijajaribu kujinasua. Nilificha viatu vyake, akatoka na mabuti. Nilimwambia goti limenishinda, akasema nipumzike, atakwenda peke yake, na nikamwona dirishani anashuka njiani akipapasa ukuta, nikavaa koti nikakimbia na goti lile lile. Nilikwenda kwa mchungaji, akaniambia kweli humweka mtu huru. Nikamwambia aende yeye akamweke Hector huru, akasema ana ubatizo.

Nikajaribu kweli yenyewe. Juma lililopita alipiga vibaya, ukaingia miibani, nikakaza moyo nikasema, miibani, Hector. Unajua alifanya nini? Alicheka! Akasema, "Dol, macho yako yanazeeka. Nimeusikia huo, ulikuwa wa katikati." Akanishika begani kwa huruma, akaniambia nikapime macho, kuna kijana mzuri mjini. Mimi! Nikasimama pale na upepo. Ndipo nilipojua nimefika mwisho wangu. Nilipokuwa nasema kweli alinisikia, nikamdanganya akanisikia zaidi, na sasa nikisema kweli sisikiki. Nikaingiza mkono mfukoni. Ningefanya nini? Nikauangusha wa katikati.

Na Aprili inakuja. Aprili hakuna mkeka, hakuna kuinua. Mpira utakuwa pale ulipolala kwenye nyasi, hatakuwa na ruhusa ya kuupapasa, na pembeni yake atakuwa Bertie na kadi, si mimi na koti. Atasimama mbele ya watu waliompigia makofi, na msaada wake amejivua mwenyewe, na ataizungusha ile fimbo juu ya kitu asichokiona. Naliona hilo kila nikifumba macho. Watanyamaza. Hawatacheka, ningependa wacheke. Watanyamaza, na yeye ataniita. Ataniuliza umekwenda wapi.

Ndiyo maana ni wewe. Nimemfikiria kila mtu, hata dada yako Johan, lakini yeye angelia na kuharibu kila kitu. Bertie angeligeuza utani. Mimi nimeshajimaliza. Wewe hujawahi kumdanganya kuhusu mpira. Hujui, kwa sababu yeye hasemi, lakini mimi namsikia akiwaambia watu wakija: mwanangu nilimwuliza mbele ya watu wote na akaniambia ndiyo. Analisema zaidi ya anavyokitaja kikombe chake chochote. Neno lako kuhusu mpira hatalibishia. Ukisema miibani, ni miibani.

Sitaki maneno ya kazi wala likizo. Nimekulea bila likizo. Msalimie sana Colleen, mwambie sijamkasirikia yeye, na awabusu watoto wangu, Tessa kwanza maana ndiye anayehesabu. Jirani yetu mke wa Bertie anakusalimu, na mchungaji, ambaye simsalimii mimi kwa sasa. Johan amepata jino jipya la mbele, limekaa vizuri.

Kata tiketi. Ufike kabla ya Ijumaa, siku moja kabla ya shindano, na usije na kifaa chochote, hata kiwe kidogo kama sindano. Utasema umemkumbuka mzee. Ijumaa asubuhi mtoke wawili, bila mkeka. Mwambie mcheze kama siku ya shindano. Atapiga, ataweka mkono juu ya kofia, atakuuliza umekwenda wapi. Wewe sema ulikokwenda. Baharini, sema baharini. Miibani, sema miibani. Kama hakuugusa kabisa, mwambie, Baba, hukuugusa, bado upo miguuni pako. Sauti yako isitetemeke, na usimshike begani. Rudia kila pigo, mpaka aketi. Akiketi, keti naye, na umwambie mwenyewe kuhusu macho, ya kwamba unajua, na kwamba niliyevunja kiapo ni mimi.

Halafu atakuuliza ilikuwaje basi majira yote ya baridi akapiga vizuri. Hilo usilijibu. Mshike mkono kwenye ule mteremko wa ukuta, kuna mawe yamelegea, umlete nyumbani. Umlete jikoni, umfungie mlango na mimi humo ndani, nawe ukae nje.

Mama yako,
Dolina Mackay